Maswali Mezani pa Cherehani

Kadi zimo ndani ya kopo la biskuti
lililokuwa la vifungo. Vifungo kavihamishia sahanini.
"Leo naanzia za chini," asema Mama,
na mguu wake haujaacha pedeli;
sare za watoto wa Barani zimemrundikia magotini
na shule hufunguliwa Jumatatu, fundi apende asipende.

Asoma kwa sauti ya mtu anayehesabu sarafu:
"Vii-wani. Ni nini hii Vii-wani?"
Ni kasi ya uamuzi, Mama.
Kabla sijaifikia, injini ikifa, nafunga breki.
Nikishaipita, sina budi kuruka,
nipande na injini moja, hofu niitafutie nafasi huko juu.
Akata uzi kwa meno.
"Kama posa," asema. "Nyingine."

Usaili ni Jumanne, Nairobi, saa mbili unusu.
Nina saa mia saba na kumi angani, zote za injini moja:
magazeti, dawa za zahanati,
Waitaliano wawili waliotapika mpaka Kiwayu.
Ndege zao hawa zina viti hamsini
na propela mbili zinazotakiwa kupatana.

Kadi ya joto.
Hewa ikichemka hulegea, Mama,
bawa linakosa cha kushika, injini inapumua kwa shida,
njia ile ile ya kurukia inakuwa fupi.
Saa tisa alasiri Malindi hupanda mlima
bila kuondoka ufukweni.
Cherehani yasimama. Anitazama juu ya miwani.
"Hilo wamelijua lini?
Mimi na mimba yako, mwezi wa Machi,
nilikuwa nakwea ngazi hapa hapa sakafuni."

Kadi ya barafu Shalo kaipaka ukwaju.
Barafu niijuayo mimi ni ya mfuko, ya shilingi kumi,
wang'ata kona, wafyonza.
Ile inayoota kwenye ukingo wa bawa
naijua kwa michoro: huliharibu umbo,
likakwama kwa kasi ambayo jana lingeelea.
Mipira ya ukingoni hufura, huipasua, halafu
"Umebabaika."
Kizungu cha ndege hakijui hata nusu.
Kaisikia pumzi ilipokatika.
"Rudia."

Ndege ya jioni yapita juu ya mabati.
"Imechelewa dakika ishirini," asema Shalo, mdomo umejaa.
Sote twanyamaza mpaka ivuke Muyeye.

Injini ipi ni mbaya zaidi kufa?
Naweka bobini mbili juu ya rula, kushoto na kulia.
Ikiwa propela zote zazungukia kulia,
mbaya ni kufa ya kushoto:
iliyobaki huvuta kwa mkono mrefu,
pua yakimbilia kushoto,
nami nakanyaga mguu wa kulia, nakanyaga, siachi.
Mama autazama mguu wake.
Tangu Baba ahamie Tanga ni miaka kumi na minne.
"Huo," asema, "hauhitaji kadi,"
na aurudisha bobini mahali pake
kwa sababu kuna kola kumi na moja hazijashonwa.

Kopo limebaki tupu. Ndipo auliza, kichwa kikiwa chini:
"Na usipojua?"
Hiyo sikuiandika.
Nitasema sijui. Nitasema nitatazama kitabuni
kabla sijagusa chochote.
"Sema, basi. Mimi ndiye wao."
Sijui.
"Wamwomba nani msamaha? Tena."
Sijui.
"Mwanasiti. Kama unavyomwambia mteja kitambaa kimekwisha."
Sijui, nasema,
na safari hii sauti yatua magurudumu yote pamoja.
Hajibu. Achukua kifungo kimoja cheupe sahanini
akidondosha koponi, kishike nafasi
ya kadi ile.